St Helena: Wageni Hawakufurika, Mwenyeji Amepona

Jumamosi ya Oktoba 14, 2017, ndege ya shirika la Airlink la Afrika Kusini, aina ya Embraer 190, ilitua katika Kisiwa cha St Helena. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza ya ndege ya abiria yenye ratiba kufika katika kisiwa ambacho, tangu mabaharia wa Kireno walipokiona mwaka 1502, msafiri wa kawaida hakuwa na njia ya kukifikia isipokuwa bahari. St Helena kimo katika Atlantiki ya Kusini, takriban kilomita 1,900 kutoka pwani za Angola na Namibia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 122, haufikii nusu ya Kisiwa cha Mafia, na wakazi wake ni kama 4,500. Kinatawaliwa na Uingereza, na jirani yake wa karibu ni Kisiwa cha Ascension, kilomita 1,300 upande wa kaskazini-magharibi.

Umbali huo ndio uliokiingiza katika vitabu vya historia. Waingereza walipotafuta mahali ambapo Napoleon Bonaparte hangeweza kutoroka, walimpeleka huko mwaka 1815, na huko akafa mwaka 1821. Baadaye alifuata Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, kisha maelfu ya mateka wa Kiburu wa vita vya Afrika Kusini. Zanzibar nayo ina mtu wake katika orodha hiyo. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani Agosti 1896 akaondolewa kwa mizinga ya manowari za Waingereza katika vita visivyodumu hata saa moja, alikamatwa Dar es Salaam wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa uhamishoni St Helena na Shelisheli kabla ya kuruhusiwa kurejea Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Kisiwa kilichofanywa gereza kwa sababu hakifikiki, sasa kinatafuta riziki kwa kufikika.

Waliopanga uwanja wa ndege wa St Helena waliamini jambo ambalo Waswahili wamelifupisha zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege ingeleta watalii, watalii wangeleta fedha, na fedha zingekitoa kisiwa katika kuitegemea ruzuku ya London. Watalii hawakufurika kama ilivyotabiriwa, na kwa kipimo hicho wapo wanaouhesabu uwanja ule kuwa hasara tupu. Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo chenyewe kina kasoro. Kazi kubwa kuliko zote ambayo ndege huifanya katika kisiwa kidogo ni kumpa mwenyeji uwezo wa kuupanga muda wake: aende lini, arudi lini, atibiwe lini, amzike mzazi wake akiwapo. Utalii ni nyongeza juu ya hilo, na mara nyingine ni nyongeza ndogo. Serikali inayojenga kwa hesabu ya watalii peke yao huahidi yasiyowezekana, kisha husahau kumwekea mwenyeji kiti.

Siku tano majini

Hadi Februari 2018 uhai wa kisiwa ulikuwa juu ya meli moja, RMS St Helena, iliyojengwa Aberdeen, Scotland, na kuanza kazi mwaka 1990. Ilibeba abiria wapatao 150, na chini yao ilipakia kila kitu ambacho kisiwa hakizalishi: unga, vitunguu, dawa, magari, vipuri, barua. Kutoka Cape Town ilikata maji kwa siku tano. Ikifika, ilitia nanga mbele ya mji mkuu, Jamestown, kwa kuwa hapakuwa na gati la kuegesha meli ya ukubwa huo. Abiria waliteremka kwenye mashua, na mashua ilipokaribia ngazi za mawe za bandari ilikuwa ikipanda na kushuka na mawimbi. Juu ya ngazi zilining'inia kamba nene. Abiria alishika kamba, akasubiri wimbi liinue mashua, kisha akavuka haraka kabla halijashuka. Mzee au mgonjwa asiyeweza kufanya hivyo aliinuliwa kwa winchi akiwa ndani ya kizimba. Baada ya kushusha, meli ilielekea Ascension, ikarudi St Helena, kisha ikageuza kwenda Cape Town, na mzunguko mzima ulichukua karibu wiki tatu.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa London mwenye likizo ya wiki mbili. Siku moja inakwenda kwa kuruka hadi Cape Town, tano majini, wiki moja na ushei kisiwani akisubiri meli irudi kutoka Ascension, na tano nyingine za kurejea Cape Town. Likizo yake inakwisha kabla hajaaga. Kwa hiyo St Helena ilifikiwa na wastaafu, watafiti, maofisa wa serikali na wale waliokuwa wakiipenda meli yenyewe. Kwa mwenyeji hesabu ilikuwa chungu zaidi. Wenyeji wengi hufanya kazi Ascension, Visiwa vya Falkland au Uingereza. Aliyepigiwa simu kwamba mama yake amezidiwa alitazama kwanza ratiba ya meli ndipo atazame fedha mfukoni. Mara nyingi jibu la ratiba lilikuwa kwamba hawezi kuwahi, na mazishi hayangoji meli.

Ndege kutoka Johannesburg, pamoja na kusimama Namibia kujaza mafuta, huchukua kama saa sita. Mtu anaondoka Jumamosi na kurudi Jumamosi inayofuata, na katikati amepata wiki nzima kisiwani. Siku zilizookolewa ni sehemu moja tu ya mabadiliko hayo. Sehemu nyingine ni uhakika wa kupanga. Mwalimu anaweza kuajiriwa na kuripoti wiki ijayo. Fundi wa mashine ya hospitali anaweza kuja, kutengeneza na kuondoka bila kulipwa posho ya mwezi mzima. Daktari bingwa anaweza kupangiwa kliniki ya siku saba. Mambo haya hayaonekani katika takwimu za utalii, lakini ndiyo yanayouendesha mji mdogo.

Udhaifu wa kutegemea chombo kimoja ulijianika wenyewe mwaka 2017. RMS St Helena ilipata hitilafu ya rafadha, ratiba ikavurugika, na watu wakakwama. Mwezi Mei mwaka huo ndege ya kukodi ya Airlink ikatumwa kuwachukua abiria waliokwama kisiwani. Safari za ratiba zilikuwa bado hazijaanza, na tayari ndege ilikuwa imekuja kuziba pengo la meli.

Hesabu ya viti

Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba 2011 na kampuni ya Basil Read ya Afrika Kusini. Eneo lililochaguliwa ni uwanda wa Prosperous Bay, mashariki mwa kisiwa, juu ya majabali yenye kimo cha mita 300 hivi kutoka baharini. Kisiwa ni mabaki ya volkano, milima na mabonde matupu, na ardhi tambarare yenye urefu unaohitajika haikuwapo. Wahandisi walianza kwa kuchonga barabara ya kilomita 14 kutoka Rupert's Bay ili mitambo ifike juu. Kisha wakalijaza bonde liitwalo Dry Gut kwa mawe na kifusi cha karibu mita za ujazo milioni 8, na juu yake ikapita njia ya kurukia ndege isiyofika kilomita 2. Gharama nzima ilifikia takriban pauni milioni 285.

Kilichosahauliwa katika mahesabu ni upepo. St Helena imo katika mkondo wa upepo wa kusini-mashariki ambao kwa mwambao wetu tungeuita kusi, ila kule huvuma karibu mwaka mzima. Ukigonga majabali hupanda, hujipinda na kubadili kasi na mwelekeo ndani ya umbali mfupi. Charles Darwin alipozuru kisiwa mwaka 1836 alisimama kwenye ukingo wa jabali mahali palipotulia kabisa, huku hatua chache mbele yake ndege wa baharini wakipambana na upepo mkali. Aprili 2016 Boeing 737-800 ya majaribio ilikutana na hali hiyohiyo: ikakaribia njia, ikalazimika kupaa tena, na kufanikiwa kutua baadaye. Sherehe ya ufunguzi iliyopangwa Mei ikaahirishwa, na magazeti ya Uingereza yakauita uwanja ule usio na maana kuliko wote duniani. Desemba mwaka huo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ya Uingereza ilitoa ripoti kali kwamba wizara iliyosimamia mradi ilikuwa imewaangusha walipa kodi na wakazi wa kisiwa. Suluhisho lilikuwa ndege ndogo zaidi, Embraer 190, yenye viti visivyofika 100, na mwanzoni hata hivyo vikauzwa 76 tu ili kupunguza uzito. Sababu nyingine ya uzito ni mafuta. Rubani akikuta ukungu umefunika uwanja hana mji wa jirani wa kukimbilia, kwa hiyo hubeba mafuta ya kuzunguka angani akingoja, na mengine ya kumrudisha Afrika.

Sasa linganisha na ahadi. Wakaguzi wa hesabu za serikali walieleza mwaka 2016 kwamba mradi ulihalalishwa kwa matarajio ya watalii kupanda kutoka takriban 1,000 kwa mwaka hadi kama 29,000 ifikapo 2042. Viti 76 mara Jumamosi 52 ni viti 3,952 vya kuingia kisiwani kwa mwaka mzima, na ndani yake wamo wenyeji wanaorudi nyumbani, maofisa na mafundi. Kufikisha watalii 29,000 kwa ndege ya viti 76 kungehitaji safari zaidi ya moja kila siku ya mwaka, zote zikiwa zimejaa watalii watupu. Watabiri walikuwa na ndege kubwa zaidi akilini, hilo ni kweli. Lakini hata ndege ya viti 150 ingelazimika kuja karibu mara nne kwa wiki bila kiti kubaki kitupu. Watalii hao wangekuwa kama 550 kila wiki, yaani mgeni mmoja kwa kila wakazi wanane, katika kisiwa ambacho hoteli yake kubwa, iliyofunguliwa Jamestown mwaka 2017, ina vyumba 30. Hesabu ya darasa la saba ingetosha kuitilia shaka ahadi hiyo kabla lori la kwanza la kifusi halijamwagwa.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu waliiamini? Nadhani ni kwa sababu upo mfano ambao ndege ilifanya muujiza huo kweli. Shelisheli, hadi mwaka 1971, ilifikiwa kwa meli zilizopita kati ya Mombasa na Bombay. Uwanja wa ndege wa Mahé ulipofunguliwa mwaka huo, idadi ya watalii ilipanda kutoka elfu chache hadi makumi ya maelfu kabla ya muongo kumalizika, na uchumi wa mashamba ya minazi ukageuka uchumi wa hoteli. Tangu hapo kila mpangaji wa visiwa ana Shelisheli kichwani. Lakini Shelisheli ilikuwa na fukwe za mchanga mweupe, njia iliyoruhusu ndege kubwa kutoka Ulaya usiku mmoja, na jina lililouzika bila maelezo. St Helena haina fukwe za kuota jua. Ina milima ya kupanda, kaburi tupu la Napoleon, ngazi 699 za Jacob's Ladder zinazopanda kutoka Jamestown, papa potwe kama wale wa Kilindoni, Mafia, na kobe Jonathan, aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 na kukadiriwa kuzaliwa karibu mwaka 1832. Ni mambo ya kuvutia, lakini yanamvuta mtu wa aina fulani, tena kwa safari inayoanza kwa kuunganisha ndege Johannesburg. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Johannesburg ilianzia kama pauni 800, na hiyo ni kabla ya kumhesabia gharama ya kufika Afrika Kusini.

Aliyepona

Tukiweka watalii kando, picha inabadilika. Juni 2016, wakati uwanja bado unachekwa magazetini, ndege ya wagonjwa ilitua na kuondoka na mgonjwa. Kabla ya hapo mtu aliyehitaji matibabu yaliyopita uwezo wa hospitali ya Jamestown alisubiri RMS, au aliombewa chombo chochote kilichokuwa karibu na njia hiyo, kisha akavumilia siku kadhaa za bahari hadi Cape Town. Kwa kiharusi, kwa mtoto aliyezaliwa na tatizo la moyo, kwa mjamzito anayetoka damu, siku tano ni hukumu. Hapa ndipo methali inapopinduka: mwenyeji alianza kupona kabla mgeni hajafika, na angepona hata kama mgeni asingefika kabisa. Ukitaka kuuthaminisha uwanja wa St Helena, anza na orodha ya waliosafirishwa kutibiwa, ndipo ufike kwenye orodha ya waliokwenda kupiga picha na kobe.

Ushahidi wa pili uliletwa na janga la korona. Kuanzia Machi 2020 safari za kibiashara zilisimama, na hazikurejea hadi Machi 2022. Kama uwanja ungekuwa biashara ya utalii tu, miaka hiyo miwili ungefungwa kufuli. Badala yake serikali ilikodi ndege za Titan Airways kutoka Uingereza zilizoleta wakazi, watumishi na vifaa, na kuwatoa waliohitaji kutoka. Soko lilipotoweka huduma ilibaki, kwa kuwa aliyeilipia alijua kwamba kisiwa hakiwezi tena kuishi bila hiyo. Tabia hiyo ni ya huduma ya umma, sawa na barabara, kivuko au zahanati. Hakuna anayeuliza zahanati ya kijiji imeingiza watalii wangapi.

Ushahidi wa tatu ni wa familia. Kwa miongo mingi kisiwa kiliishi kwa kupeleka watu nje. Kilimo cha katani ya New Zealand, kilichoendeshwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kilikufa mwaka 1966 baada ya posta ya Uingereza kuhamia kwenye nyuzi za kiwandani. Hapo ajira zikabaki ng'ambo. Mwaka 2002 wakazi waliporudishiwa uraia kamili wa Uingereza, mlango ulifunguka wazi zaidi, na idadi ya watu ikashuka kutoka karibu 5,000 mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi kama 4,000 mwaka 2008. Haya yote yalitokea enzi za meli. Meli ilikuwa bingwa wa kupeleka, na dhaifu wa kurudisha, maana ziara ya nyumbani ilimeza likizo ya mwaka. Ndege imewezesha Krismasi ya wiki moja, na arusi ambayo ndugu wa pande zote wamehudhuria.

Wanaopinga wana yao

Pingamizi la kwanza ni la fedha, na lina uzito. Pauni milioni 285 ukizigawa kwa wakazi 4,500 ni zaidi ya pauni 63,000 kwa kila kichwa, pamoja na mtoto wa mgongoni. Kwa fedha hizo, wanasema wapinzani, kila mgonjwa angekodishiwa manowari. Jibu langu ni kwamba chaguo la kutotumia chochote halikuwapo. RMS St Helena ilikuwa inazeeka, na nyuma ya uamuzi wa mwaka 2011 kulikuwa na swali la lazima: kujenga meli nyingine yenye ruzuku ya kudumu, au kujenga uwanja. Bado wapinzani wana haki katika jambo moja. Mradi uliokubali mapema kwamba unamtumikia mwenyeji ungeuliza kwanza ndege gani ndogo inaweza kutua salama katika upepo ule, ungepima upepo kwa bidii zaidi, na huenda ungegharimu pungufu. Ndoto ya Boeing zilizojaa watalii ndiyo iliyoupandisha gharama na kuufedhehesha. Kwa hiyo lawama ya ubadhirifu inaipa nguvu hoja yangu: kosa lilianza kwenye kipimo.

Pingamizi la pili linasema ndege ni ya mwenye nacho. Meli ilikuwa na nauli nafuu kwa wakazi, na mishahara ya kisiwani ni midogo mno ukiilinganisha na ya Uingereza. Tiketi ya mamia ya pauni kwa mtu mmoja, zidisha kwa familia ya watu wanne, ni akiba ya muda mrefu. Hili siwezi kulipinga, na sioni sababu ya kulipinga. Linaonyesha kwamba huduma ya umma ikiachiwa bei ya soko hupoteza umma wake. Serikali ilikubali tangu mwanzo kubeba sehemu ya hasara ya shirika la ndege iwapo viti havitajaa. Ruzuku hiyo ingeweza kusemwa wazi zaidi kuwa ni ya mkazi: viti kadhaa kila safari kwa bei ya mkazi, na vingine kwa mgonjwa na msindikizaji wake. Anayelipa kuziba viti vitupu ana haki ya kuchagua nani avikalie.

Wa tatu wanaogopa kwamba njia rahisi ya kuja ni njia rahisi ya kuondoka, na kisiwa kitabaki na wazee. Nimeshaonyesha kwamba watu walihama kwa wingi kabla ndege haijaja. Kinachowaondoa vijana ni mshahara, na ndege haipandishi mshahara. Inachoweza ni kufanya kuondoka kusiwe kwa moja kwa moja. Tangu mwaka 2023 mkongo wa intaneti wa Equiano umeunganisha kisiwa na dunia, na mtu anaweza kufanya kazi ya London akiwa Jamestown, mradi aweze kufika ofisini mara moja au mbili kwa mwaka. Mkongo bila ndege, au ndege bila mkongo, usingempa nafasi hiyo.

Wa mwisho ni watetezi wa mazingira na wapenzi wa upweke. Uwanda wa Prosperous Bay ulikuwa makazi ya wadudu na buibui wasiopatikana kwingine duniani, na eneo hilo lilitumiwa pia na ndege mdogo ambaye hupatikana St Helena peke yake na huonekana hata katika nembo ya kisiwa. Hasara hiyo ilitokea na hairudi. Kila ndege inayotua yaweza kuleta mbegu au mdudu mgeni, ingawa meli nazo zimefanya hivyo kwa karne tano, tena kwa shehena kubwa zaidi. Mbuzi walioshushwa na mabaharia waliila misitu ya kisiwa zamani sana kabla injini haijavumbuliwa. Kinachohitajika ni ukaguzi mkali mlangoni, na ni rahisi kukagua mabegi 76 Jumamosi moja kuliko kontena za mwezi mzima. Kuhusu upweke, wanaouona kuwa ndiyo thamani ya kisiwa kwa kawaida ni wale wanaouonja kwa wiki moja. Idadi ndogo ya watalii, ile ile inayohesabiwa kuwa kushindwa, ndiyo pia imeuhifadhi upweke huo.

Swali la kuuliza kwetu

Ndege haikuiondoa meli, na hili ni sehemu ya funzo. RMS iliondoka St Helena kwa mara ya mwisho Februari 10, 2018, na mizigo ikachukuliwa na meli nyingine, MV Helena, iliyoshusha kontena Rupert's Bay. Vitunguu, saruji na mitungi ya gesi bado vinakuja kwa bahari, na rafu za maduka bado zinajua meli imechelewa. Kilichotokea ni mgawanyo wa kazi: anayekimbizana na muda apande ndege, kisichokimbizana nao kisafiri kwa maji. Kisiwa kinachodhani ndege itafanya yote hujikuta na watu wanaofika mapema kwenye duka tupu.

Msomaji wa Mafia analifahamu hili bila kufundishwa. Uwanja wa Kilindoni uliwekewa lami katika muongo uliopita kwa msaada wa Marekani, na ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hufika kwa muda wa nusu saa na kitu. Lakini watu wengi wa Mafia bado huvuka kutoka Nyamisati kwa boti, pamoja na magunia na matenga yao, kwa sababu ya nauli. Mtalii anayekwenda kuogelea na papa potwe hukaa dirishani, na mama mwenye mgonjwa husubiri maji yatulie. Mafia ina fukwe, ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, na iko jirani na jiji kubwa. Kwa watalii imeizidi St Helena mbali. Kwa kipimo ninachokitetea hapa, yaani urahisi wa mkazi wa kawaida kufika hospitali ya rufaa siku anayoihitaji, ushindi huo hauna uhakika.

Kwa hiyo viongozi wanapotangaza uwanja mpya au kurefusha wa zamani katika kisiwa chochote, iwe Pemba, Mafia, Ukerewe au Lamu, na wakataja idadi ya watalii watakaokuja, mwandishi wa habari asiishie kuiandika idadi hiyo. Aigawe kwa viti na vyumba, aone kama inawezekana. Kisha aulize mkazi atalipa nauli gani, mgonjwa atawekewa nafasi ipi, boti ya mizigo itabaki na ruzuku yake au itaachwa ife, na nani atagharimia safari msimu ambao watalii hawapo. Majibu hayo yakiwa yameandikwa ndani ya mkataba, uwanja utakuwa na faida hata asiposhuka mtalii hata mmoja. Yakikosekana, watalii 29,000 hawataweza kuifidia hasara ya mwenyeji anayezitazama ndege zikipita juu ya paa lake akiwa kwenye foleni ya boti.